Wale wa Dakika Tano

Sogeeni karibu, na aliyeshika simu aiweke chini kidogo. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo nina luteni wa polisi wa Los Angeles, mchafumchafu, nywele timutimu, kavaa koti la mvua lililojikunja katika mji ambao mvua yenyewe ni ya kutafuta. Jina lake Columbo.

Aliyemwigiza ni Peter Falk, mzaliwa wa New York. Jicho lake la kulia lilikuwa la bandia, kwani lile la kuzaliwa nalo liliondolewa kwa sababu ya saratani akiwa na miaka mitatu tu. Na lile koti lilikuwa lake mwenyewe. Alianza kuwa Columbo mwaka 1968, mfululizo wa televisheni ukashika kasi mwaka 1971, na kipindi cha mwisho kikaonyeshwa mwaka 2003. Vipindi vyote ni 69.

Sasa sikilizeni ujanja wa hadithi zake. Tamthilia nyingi za polisi humficha muuaji mpaka mwisho. Hapa unamwona tangu mwanzo, anaua mbele ya macho yako. Mara nyingi ni mtu tajiri, mwenye jina kubwa na maneno matamu. Kilichobaki ni kujua huyu bwana wa koti bovu atamnasaje. Lakini hebu jiwekeni kwenye nafasi ya mwandishi. Marehemu hasemi, muuaji anasema uongo, je, luteni wetu azungumze na nani?

Azungumze na fundi wa suti. Na msimamizi wa mgahawa, na mzishi, na mlevi anayelala kwenye vyuma chakavu. Ni watu ambao muuaji huwapita kama hawapo, na yeye Columbo hukaa nao, akawauliza bei ya viatu, akasahau kuondoka.

Watu hao wanahitaji waigizaji, na hao ndio ninaotaka kuwaeleza. Steringi ana filamu nzima ya kujitambulisha. Hata akikosea mwanzoni, tutamzoea. Yule wa dakika tano hana nafasi hiyo. Anaajiriwa kwa siku chache, anakuta wenzake wamezoeana miaka, na kamera inamsubiri. Ni kama mgeni aliyeingia harusini ngoma imeshakolea: acheze papo hapo, na acheze vizuri. Akifungua mlango, lazima awe tayari ni mtu kamili, mwenye kiburi chake, uchovu wake, na shughuli aliyokuwa akiifanya kabla polisi hawajabisha hodi.

Bingwa wao, kwangu mimi, ni Vito Scotti. Alizaliwa San Francisco mwaka 1918, wazazi wake Waitaliano. Mfupi, ana masharubu, na uso unaoweza kulia na kucheka kwa pamoja. Katika Columbo alitokea mara sita, na kila mara ni mtu mwingine! Mwaka 1973 alikuwa msimamizi wa mgahawa wa kifahari, anayefedheheka pale mteja anapofoka kwamba mvinyo umeharibika kwa joto. Mwaka huohuo akawa fundi wa suti za wakubwa. Mwaka 1974 akawa mzishi, mpole kupita kiasi, ambaye luteni akija kuuliza habari za marehemu, yeye anaona mteja mpya. Mwaka huo haujaisha, huyu hapa tena, mlevi asiye na makazi.

Mngedhani watazamaji wangelalamika, mbona mtu huyohuyo? Pengine si wote waliogundua. Aliyegundua alifurahi, kama ninavyofurahi mimi. Kama mmewahi kuona filamu ya The Godfather ya mwaka 1972, yule mwoka mikate anayekuja kuomba msaada siku ya harusi ni yeye.

Ila nisiwafiche jambo. Hollywood ya wakati huo ilimtumia Scotti kuigiza hata Mjapani, kwa vipodozi na lafudhi ya kuchekesha, katika kipindi cha Gilligan's Island. Waigizaji wenye asili ya Japani walikuwepo Marekani, wakinyimwa kazi. Kipaji chake ni kikubwa, na desturi ile ilikuwa mbaya. Mtu mwenye akili anaweza kushika yote mawili.

Turudi kwa yule mlevi. Kipindi kinaitwa Negative Reaction, kilionyeshwa Oktoba 1974. Mpiga picha maarufu, anayeigizwa na Dick Van Dyke, amemuua mkewe na kumsingizia mtu mwingine. Mlevi alikuwa karibu risasi zilipolia, basi Columbo anamfuata kwenye nyumba ya misaada wanakogawiwa chakula maskini. Mtawa aliyepo anamtazama luteni, anatazama koti, na moja kwa moja anamhesabu kuwa miongoni mwa wenye njaa. Anamkalisha, anamletea chakula, anataka kumtafutia koti lingine. Hata akijua kuwa ni polisi, anadhani amejibadilisha makusudi kwa ajili ya upelelezi, na anamsifu kwa ustadi!

Huyo mtawa ni Joyce Van Patten. Ona asivyochekesha kwa makusudi: hakonyezi jicho, hatoi sauti ya ajabu. Anamhurumia kweli, na huruma hiyo ndiyo inayotuvunja mbavu. Miaka miwili baadaye walimwita tena, safari hii yeye ndiye muuaji.

Wengine dakika tano ziliwafikisha mbali. Dennis Franz aliingia katika tamthilia ya polisi ya Hill Street Blues mwaka 1983 kama polisi mbovu ambaye hadithi ilimuua. Wakamrudisha mwaka 1985 kwa jina lingine, na watazamaji wakakubali. Kisha akawa steringi wa tamthilia nyingine ya polisi, NYPD Blue, akatwaa tuzo ya Emmy mara nne.

Scotti hakufika huko. Alifariki mwaka 1996, baada ya miaka mingi ya kuingia, kusema maneno yake na kutoka. Mkitaka kumjua, anzeni na Negative Reaction, na msimruke yule mtawa.