Ratiba ya Safari Iandikwe na Mwili wa Mtoto

Ikifika Desemba, mabasi yanayoondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, hubeba abiria wengi wasiokata tiketi. Wamepakatwa, wamefungwa mgongoni kwa mbeleko au wamelazwa juu ya mabegi ya nguo, na wote wanapelekwa kuonwa na bibi na babu. Upande wa pili wa jiji, Mbagala Rangi Tatu, wenzao wanapanda mabasi ya Kilwa, Lindi na Mtwara. Familia ya Chamazi au Bunju ikishafunga safari haiendi mahali pamoja tu. Itaanza kwa shangazi Tegeta, italala Morogoro kwa mjomba, itapanda Iringa hadi Njombe kwa bibi, na pengine itashuka kusini kabla shule hazijafunguliwa.

Kwa mtu mzima huko ni kubadilisha mikoa. Kwa mwili wa miezi mitano ni kubadilisha joto, mwinuko, mbu na vijidudu, tena ndani ya siku chache. Sayansi haimkatazi mtoto kwenda kwa bibi yake. Inachotaka ni ratiba ipangwe kwa kufuata mwili wa mtoto, si kwa kufuata hamu ya ndugu wala saa ya basi.

Arobaini na wiki ya sita

Familia nyingi za pwani hazimtoi mtoto nje kabla ya arobaini, na takwimu zinaipa mila hiyo uzito. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Kati ya hao 43, watoto 24 hufariki ndani ya mwezi wa kwanza. Zaidi ya nusu ya hatari ya miaka mitano imo ndani ya wiki nne za mwanzo.

Katika kipindi hicho mtoto anaishi kwa kinga aliyopewa na mama. Kingamwili zilizopita kwenye kondo la nyuma akiwa tumboni hupungua kwa nusu kila baada ya wiki tatu hivi, huku mwili wake ukiwa bado unajifunza kutengeneza za kwake. Chanjo ya kifua kikuu na ile ya kwanza ya polio hutolewa anapozaliwa. Katika wiki ya 6 huanza chanjo ya pamoja ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na maambukizi ya bakteria wa Hib, pamoja na chanjo ya nimonia na ile ya kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota. Hizi mbili za mwisho zilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2013. Nyingi kati ya chanjo hizo hurudiwa wiki ya 10 na ya 14.

Siku ya 40 na mwisho wa wiki ya 6 zinapishana kwa siku mbili tu. Wazee waliomzuia mtoto ndani hawakuwa na chanjo akilini, lakini arobaini yao inaishia mahali ambapo kliniki inaanza kazi. Kwa safari ndefu ya kutembelea nyumba nyingi, busara ni kusogeza mbele zaidi, hadi baada ya chanjo za wiki ya 14. Kama safari haikwepeki, kadi ya kliniki iwe kitu cha kwanza kuingia kwenye begi, kwa sababu mtoto mwenye kadi anaweza kuendelea na chanjo kwenye kituo cha afya cha huko aendako.

Joto la Mbagala, baridi ya Njombe

Safari ngumu ya kwanza inaweza kuwa ile isiyotoka nje ya Dar es Salaam. Kutoka Chamazi hadi Bunju ni kulivuka jiji lenye watu zaidi ya milioni 5 kutoka kusini hadi kaskazini, mara nyingi kwa kuunganisha daladala na kukaa kwenye foleni. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hufikia nyuzi 31 hadi 33, na hewa ya bahari imejaa unyevu. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka, na katika hewa ya namna hiyo halikauki upesi.

Mtoto mchanga ana ngozi nyingi kwa kila kilo ya mwili wake, mara mbili na nusu hadi mara tatu ya mtu mzima. Ngozi hiyo ndiyo mlango wa joto: hewa ikiwa ya moto anapata joto haraka, ikiwa ya baridi analipoteza haraka. Karibu robo tatu ya uzito wake anapozaliwa ni maji, na akiba hiyo hupungua upesi akitoka jasho, akiharisha au akitapika. Ndani ya gari lililoegeshwa juani joto linaweza kupanda kwa nyuzi 10 katika dakika 20, na mwili wa mtoto hupata joto mara 3 hadi 5 haraka kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo mtoto haachwi garini hata kwa dakika za kununua vocha. Kumfunika uso kwa kanga ili kumkinga na jua au vumbi nako hukusanya hewa ya moto na kumficha machoni pa mama. Dalili za kuangalia ni nepi kavu kwa saa 6, mdomo mkavu, utosi uliobonyea na uchovu usio wa kawaida.

Aliye chini ya miezi 6 hahitaji kupewa maji, hata Dar es Salaam ikiwaka. Asilimia 87 hivi ya maziwa ya mama ni maji. Anayehitaji maji zaidi ni mama mwenyewe, na mtoto anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi ya kawaida. Maziwa yaliyokamuliwa hudumu saa 4 hivi katika joto lisilozidi nyuzi 25, kiwango ambacho ndani ya basi la mchana ni nadra kupatikana. Ziwa lenyewe ndilo chombo salama.

Kisha basi linapanda nyanda za juu. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtoto aliyekuwa akipepewa Mbagala asubuhi anahitaji kofia na soksi usiku, kwani kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili na hutoa joto jingi. Nguo za baridi zisifungiwe kwenye buti la basi. Ziwe karibu na mkono.

Magoti ya mama si mkanda

Mlima wa Kitonga, kabla ya kufika Ilula njiani kwenda Iringa, huwafanya watoto wengi walie ghafla. Basi linapopanda, mgandamizo wa hewa hupungua, na hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio husukuma kutafuta njia ya kutoka. Mrija unaounganisha sikio na koo kwa mtoto ni mwembamba na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, hivyo haufunguki kirahisi. Kunyonya na kumeza huufungua. Mama anayejua hilo humnyonyesha wakati wa kupanda mlima na wakati wa kuushuka.

Ajali ni suala zito zaidi. Mabasi nchini hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Chukua mtoto wa kilo 7 katika mwendo huo, kisha gari ligonge na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hesabu ya fizikia inaonyesha kuwa nguvu inayomvuta mtoto huyo mbele inalingana na uzito wa kilo 160 hivi. Hakuna mikono ya mama wala ya baba inayoweza kushika mzigo huo, hata kwa upendo wote wa dunia. Kichwa ni robo ya urefu wa mtoto mchanga na shingo yake bado ni laini, ndiyo maana kiti cha mtoto garini hutazama nyuma, ili mgongo mzima upokee mshtuko. Kiti kilichofungwa vizuri huokoa zaidi ya nusu ya watoto wachanga ambao wangekufa katika ajali. Familia yenye gari dogo ikifunge kiti hicho nyuma, isikiweke mbele penye mfuko wa hewa.

Ndani ya basi, mama afunge mkanda yeye, na mtoto abaki nje ya mkanda huo. Mkanda mmoja ukiwafunga wote wawili, uzito wa mama utamkandamiza mtoto. Mtoto aliyefungwa mgongoni ashushwe kabla mama hajaegemea kiti, na akilala, kidevu chake kisigusane na kifua kwa sababu njia ya hewa hubanwa. Kwa wanaokwenda Morogoro au Dodoma, treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inampa mzazi nafasi ya kusimama na kutembea. Nafasi hiyo ina thamani: watafiti wa taasisi ya RIKEN nchini Japani walionyesha mwaka 2022 kwamba watoto waliokuwa wakilia walipobebwa na mama zao wakitembea kwa dakika 5, walinyamaza na karibu nusu yao walilala. Basi linaposimama abiria wachimbe dawa, mzazi na ambebe mtoto atembee naye. Mbeleko hufanya kazi yake bora pale anayebeba anapotembea.

Mbu wa ugenini

Mwaka 2022, asilimia 8 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini walikutwa na malaria walipopimwa. Wastani huo unaficha tofauti kubwa: Tabora ilikuwa asilimia 23 na Mtwara asilimia 20, wakati Kilimanjaro, Arusha na Dodoma hazikufika asilimia 1. Dar es Salaam ina maambukizi machache kuliko kusini na magharibi, kwa hiyo mtoto wa Kunduchi anayeshuka basi Mtwara ameingia katika hatari ambayo mwili wake haujawahi kukutana nayo. Kinga ya mama dhidi ya malaria humlinda kwa kiasi miezi ya mwanzo, kisha huisha, na mtoto wa miezi 7 au 8 hubaki wazi.

Dawa ya hilo inajulikana, na ushahidi wake ulipatikana hapa hapa. Watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walisambaza vyandarua vyenye dawa kwa familia za Kilombero na Ulanga, na mwaka 2001 walichapisha matokeo: matumizi yake yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Bibi anaweza kuwa na kitanda kizuri na chandarua kilichochanika. Begi la mtoto libebe chandarua chake, na hata mtoto akilala mapema jioni sebuleni ndugu wakipiga soga, alale ndani yake.

Mikono ya ndugu

Kumpokea mtoto ni heshima, na kila nyumba itataka kumbeba. Vijidudu vya kila nyumba ni tofauti, lakini mwili wa mama una jibu la ajabu. Mama anapokula na kupumua katika nyumba hiyo, chembe za kinga zilizokutana na vijidudu hivyo kwenye utumbo wake husafiri hadi kwenye matiti, na huko hutengeneza kingamwili zinazotoka na maziwa. Kila anaponyonya, mtoto anapata ulinzi unaolingana na mahali alipo. Kubadilisha chakula chake katikati ya safari ni kumnyang'anya ulinzi huo.

Hapo ndipo wazazi wanapohitaji kusema kwa adabu na bila kuyumba. Asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata iwe ya Tabora na imerinwa jana. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtu mzima huzidhibiti, lakini kwa mtoto huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Anayekohoa asimbusu mtoto, na aliyekohoa zaidi ya wiki mbili asimbebe kabla hajapimwa kifua kikuu. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumpokea ni sharti la nyumba zote. Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, na virusi vya surua hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Nyumba yenye mtoto mwenye vipele na homa iruhusiwe kusubiri mwaka ujao.

Akiharisha, aendelee kunyonya na apewe ORS iliyochanganywa kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye paketi, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au asiyeamka vizuri apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, bila kupitia kwa mtu mwingine kwanza. Homa kwa mtoto aliye chini ya miezi 2 nayo ni ya kukimbizwa hospitali, hata akionekana mchangamfu.

Mkisharudi

Safari ya mwili haiishii Mbezi Luis. Vimelea vya malaria huhitaji angalau siku 7 kabla ya homa kuanza, na kwa wengi dalili hutokea ndani ya mwezi mmoja. Mtoto aliyerudi Chamazi akiwa mzima anaweza kuugua wiki mbili baadaye, wakati familia imeshasahau Mtwara. Akipata homa ndani ya mwezi huo, apimwe malaria siku hiyo hiyo, na mzazi amwambie mhudumu bila kuulizwa: tulisafiri, tulilala mkoa huu na huu, tarehe hizi. Maelezo hayo mafupi yanaweza kuokoa maisha.

Mpelekeni mtoto kwa bibi yake, maana undugu nao hulea. Punguzeni nyumba mbili kwenye orodha, ongezeni siku za kupumzika, bebeni kadi ya kliniki, chandarua na nguo za baridi. Ndugu wanaompenda watamsubiri hadi mwili wake uwe tayari.