Umerudishwa ku Zaventem: utaenda tena kuona muchumba?

Ndugu kijana, muchumba wako anakaa Ubelgiji. Ulipata viza, ulipanda ndege, lakini ku Zaventem, uwanja wa ndege wa Bruxelles, polisi wa mupaka walikurudisha. Sasa mujomba anasema: «Badilisha jina, tafuta paspoti ingine.» Mwache na shauri lake! Alama za vidole uliacha siku ya kuomba viza. Wataona ni wewe yule yule.

Toa ile karatasi walikupa kule. Iko na herufi. E maana yake haukuonyesha vizuri sababu ya safari na namna utakaa. G, feza haikutosha. H ni nguvu zaidi: umeandikwa katika orodha ya wenye kukatazwa kuingia, hapo tafuta avoka kwanza. Lakini E ao G peke yake haifungi mulango kwa siku zote.

Wengi wanaanguka na E hivi: ku viza waliandika «kutembea», muchumba akiulizwa anajibu «tunakuja kuoana». Mara hii museme neno moja. Kama ni ndoa, kuna viza yake. Kama ni kutembea, yeye asaini ku komini karatasi ya kukutunza. Wewe chukua kontra ya kazi, barua ya konji na tikiti ya kurudia. Viza ikifutwa, utalipa tena: tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mutu mukubwa. Na wakiuliza kama ulirudishwa, jibu ndiyo, kisha onyesha kile kimebadilika.