Kitana cha mbao kwenye msumeno wa meza

Kwenye msumeno wa meza, mkono wa kushoto ndio ulio hatarini zaidi. Wa kulia unasukuma ubao kwa kijiti na kubaki mbali. Wa kushoto unaubana ubao kwenye mwongozo, karibu na diski, kuanzia mwanzo wa mkato hadi mwisho. Kazi hiyo ya kubana haihitaji mkono. Kipande cha ubao kilichochanwa vidole kama kitana kinaifanya vizuri zaidi, na fundi yeyote wa Moba, awe bandarini au juu Kirungu, anaweza kukitengeneza kwa mabaki ya karakana yake.

Diski ya sentimita 30 ikizungushwa mara 2,900 kwa dakika, meno yake hupita kwa mita 45 hivi kwa sekunde, zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Meno ya nyuma ya diski yanapanda juu. Ubao ukiachana na mwongozo hata kidogo, yanaudaka, yanaunyanyua na kumrushia fundi, na mkono uliokuwa umeushika unaweza kuvutwa kwenye diski. Hakuna mwenye wepesi wa kuukwepa mwendo huo. Mbao zilizopasuliwa porini, mninga (mulombwa) au nyingine, zikiingia mashineni bado mbichi na zimepinda, hatari inazidi.

Chagua ubao mgumu, mkavu, usio na fundo, wenye nyuzi zilizonyooka kwa urefu: urefu sentimita 45, upana 10, unene 2. Ncha moja ikate mshazari, digrii 60 kutoka ukingo mrefu. Piga mstari sambamba na ncha hiyo, sentimita 7 ndani, kisha toboa matundu madogo kwenye mstari huo ili vidole visipasuke shinani. Chana kuanzia ncha hadi kwenye matundu, ukiacha vidole vya milimita 5 hivi. Tumia msumeno wa mkono. Kipande kidogo namna hii hakina haja ya kupelekwa kwenye diski. Vidole lazima vifuate nyuzi za mti. Vikizikata nyuzi, vitavunjika siku ya kwanza.

Mahali pa kukifunga ndipo mafundi wengi wanapokosea. Kitana hukaa kabla ya diski, upande unaoingizia ubao, na vidole vyake vinaelekea kule ubao unakokwenda. Kikiwekwa ubavuni mwa diski au nyuma yake, kinabana ule mfuo uliokwisha kukatwa, ubao unaishika diski, na unakuwa umeuita mrusho ule ule uliotaka kuuzuia. Kifunge kwa vibanio viwili, kwa kuwa kimoja kinakiacha kizunguke. Mashine ikiwa imezimwa, pitisha ubao kwa mkono: uende mbele bila shida, lakini ukiuvuta nyuma vidole viukatalie. Kama unasukuma kwa jasho, legeza. Anayesukuma kwa nguvu nyingi ndiye anayeteleza. Kitana cha pili, kikifungwa kwenye mwongozo wenyewe, kitaukandamiza ubao chini usiruke.

Kuna wanaoona glavu zinatosha. Kwenye diski inayozunguka glavu hudakwa na kuuvuta mkono; zivue.

Kitana nacho kina mpaka wake. Mti wenye mkazo ndani hujifunga wenyewe nyuma ya diski, na hapo vidole vya mbao havisaidii kitu. Hapo panahitajika bamba la chuma lililosimama nyuma ya diski, nene kuliko mwili wa diski na jembamba kuliko mfuo wake, lisilozidi milimita 8 kutoka kwenye meno. Meza nyingi zilizoundwa na mafundi wenyewe hazina bamba hilo. Ndugu fundi, kama yako ni mojawapo, lifunge bamba kwanza, ndipo uchonge kitana.