Muulize Alalaye Kitandani

Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndugu msomaji, siku hizi mashirika makubwa ya Marekani na Ulaya yanasomeshana neno hilo hilo kwa jina jipya, nalo ni fikra ya usanifu. Maana yake, kabla ya kubuni chombo au utaratibu, nenda kwanza ukamtazame atakayeutumia. Jaribu kwa gharama ndogo, kosoa, kisha jaribu tena.

Mfano niupendao ni wa Kaiser Permanente, shirika la bima na hospitali lenye makao yake Oakland, California. Tim Brown, aliyekuwa akiongoza kampuni ya usanifu ya IDEO, aliueleza mwaka 2008 katika jarida la Harvard Business Review. Wauguzi walipopokezana zamu, dakika 45 za mwanzo ziliishia mezani kwao, wakipeana habari za wagonjwa. Wengi waliandika nyuma ya kikaratasi chochote, hata juu ya nguo zao za kazi. Mambo muhimu yakapotea: mgonjwa amekuwaje, jamaa gani wako naye, vipimo vimefanywa au la. Naye mgonjwa, muda wote huo, yuapi mwangalizi wake?

Shirika halikuita mabingwa wakajifungia chumbani. Liliunda jopo la mtu aliyewahi kuwa muuguzi, mjumbe wa chama cha wafanyakazi, mtaalamu wa mitambo na wasanifu wa IDEO, wakashirikiana na wauguzi wenyewe katika hospitali 4. Wakaamua kwamba habari zipokezanwe mbele ya mgonjwa, naye asikie na aongeze lake. Kwa wiki moja tu wakapata mfano wa kujaribia, wenye taratibu mpya na programu nyepesi ya kompyuta. Muda baina ya muuguzi kufika kazini na kuonana na mgonjwa wake ukapungua kwa zaidi ya nusu.

Hapa ndipo penye tofauti ya kutenda na kuigiza. Wako wanaonunua vikaratasi vya rangi, wakakaa hotelini siku mbili, wakapigwa picha, kisha wakarudia amri zao za zamani. Hao fikra hii haiwafai kitu, maadamu mkubwa hakubali kuambiwa na wa chini yake. Naona kubuni si kazi. Kazi ni kunyamaza ukasikiliza.

Nawe uliye na afisi, zahanati au skuli, aliyelala kitandani umemuuliza lini?