Vibao vya mu avenue: nani anavisoma?

Ku mulango wa carrière moja nilikopita juzi, kuna kibao chekundu: « Danger. Accès interdit ». Chini yake, mustari wa Kichina. Kiswahili, hapana. Kijana mumoja alikuwa anapita pale na beche begani. Nikamuuliza kile kibao kinasema nini. « Ni mambo ya bo », akajibu, akaingia.

Nani atahesabu vibao sawa vile? Kule Luxembourg, inchi kidogo ya Ulaya, jibu ni: kila mutu. Universite ya kule ilitoa programu ya telefone, jina lake Lingscape. Unaona maandishi mu barabara, kibao cha duka, affiche, hata maneno ya wino ku kibambazi: unapiga foto, unataja luga zilizomo, na foto inawekwa ku karte pahali palepale. Profesa hawezi kutembea kila avenue. Mama muuza mikate anazipita zote.

Sheria ya 1984 ilitaja luga tatu kule: Kiluksemburgi, Kifaransa na Kijerumani. Lakini watu wenye asili ya Portugal ni wengi, na sheria ile haitaji Kireno. Kibao cha bar njo kinakionyesha. Tena ile universite iko Belval, ku Esch-sur-Alzette, mu kiwanja cha zamani cha kuyeyusha chuma. Fourneaux za zamani zingali zinasimama. Watu wa Italia walikuja kule zamani kuchimba, sawa vile kwetu watu walitoka mbali kuja kutafuta kazi ya shaba.

Neno moja tu linanisumbua. Mutu anapiga foto ya kile kinachomuchekesha, na kibao cha kila siku anakiacha. Kwa hiyo, wenye kujaribu hapa wachukue avenue moja, kona mpaka kona, waandike vyote: farmasi, kanisa, « Parcelle à vendre », kila kitu. Na foto haisemi nani anaelewa. Hiyo inaulizwa kwa mudomo, sawa vile nilimuuliza ule kijana.

Watoto wa sekondari wanaweza kuifanya siku ya posho moja, na kaye na bic. Ku carrière pia kaye inatosha. Telefone ibakie mu mufuko, juu walinzi hawapendi foto.