Mutuba katika sinia

Mti wangu wa kwanza wa bonsai ulifia mezani, kando ya televisheni. Niliununua ukiwa na majani mabichi, nikawa naupangusa vumbi kama kikombe cha kabatini na kuunyunyizia maji kidogo kila nilipoukumbuka. Wiki ya tatu majani yote yalikuwa chini. Aliyeniuzia hakuwa na kosa. Mimi nilidhani nimenunua pambo.

Bonsai ni mti kamili. Neno lenyewe ni la Kijapani, maana yake kilichopandwa katika sinia, na Wajapani waliipokea sanaa hiyo kutoka China. Hakuna mbegu ya bonsai. Ni mkasi wa mtu na sinia vinavyouzuia mti wa kawaida usirefuke. Wengi hudhani unadumazwa kwa njaa. Basi waende Washington, Marekani, wakauone msonobari mweupe uliotunzwa tangu mwaka 1625. Ulikuwa kwa familia ya Yamaki huko Hiroshima bomu lilipoanguka 1945, ukapona, na mwaka 1976 ukatolewa zawadi kwa Wamarekani. Mti wenye njaa haufikishi umri huo.

Anayeanza akiwa Kasese, Uganda, asihangaike na msonobari wa Kijapani. Ule umezoea kupumzika wakati wa baridi kali, na mji wetu, ulio chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, baridi hiyo hauijui. Achukue mutuba, mti wa jamii ya mkuyu ambao Waganda hutengenezea nguo ya gome, kazi iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Afrika Kusini wapenzi wa bonsai wanautumia sana. Mutuba ukikatwa unachipua, ukibanduliwa gome unaota jingine, na tawi lake likichomekwa ardhini hushika mizizi. Mwanafunzi anahitaji mti unaosamehe.

Kata tawi nene kama kidole gumba, urefu wa shubiri moja au mbili. Punguza majani, acha utomvu mweupe ukauke, kisha lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Likishika, usilikimbize kwenye sinia. Lipande uani miaka miwili au mitatu shina linenepe, kwa sababu ndani ya sinia shina hunenepa kwa shida sana. Hapa ndipo wengi tunashindwa. Tunataka mti mzee kufikia Krismasi.

Sinia liwe na matundu chini. Udongo mtupu wa shambani hugandamana na kuozesha mizizi, kwa hiyo uchanganye na changarawe ndogo na vipande vya matofali yaliyopondwa. Wa Kasese nawatahadharisha: msichote mchanga wa mto Nyamwamba chini ya Kilembe. Mto huo umebeba mabaki ya mgodi wa shaba kwa miaka mingi, na mafuriko ya 2013 na 2020 yaliyasambaza zaidi. Shaba ikizidi huumiza mizizi.

Maji ndiyo yanayoua miti mingi, yakizidi au yakipungua. Usimwagilie kwa ratiba. Ingiza kidole kwenye udongo. Ukihisi umeanza kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha uache. Kiangazi cha Kasese kinaweza kudai maji kila siku. Huko milimani juu ya Bwera, kwenye ubaridi zaidi, kidole kitakuambia usubiri. Na mti ukae nje, upate jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana. Sebule iwe ya kuuonyesha wageni siku moja, kisha urudi barazani.

Kuhusu mkasi, mkulima wa kahawa wa Bwera hana haja ya mwalimu kutoka Tokyo. Yeye anajua chipukizi gani linanyonya nguvu bure, na anajua kuukata mbuni mzee karibu na ardhi ili uanze upya. Bonsai ni kazi hiyohiyo, ila kwa kipimo cha kiganja: chipukizi likitoa majani sita au manane, lirudishe mpaka mawili au matatu. Kila baada ya miaka miwili hivi, mvua zinapoanza, toa mti kwenye sinia, punguza mizizi kiasi cha theluthi, badilisha udongo. Samadi usitie mpaka uchipue tena. Ukitumia waya kupinda matawi, ukague mara kwa mara. Mutuba hunenepa haraka na waya huacha kovu.

Kuna wanaopanda Rwenzori wakaona miti iliyopindika, yenye ndevu za kuvumwani, wakatamani kuibeba. Iacheni hukohuko. Mlima ni hifadhi ya taifa tangu 1991, na mti wa kwenye ukungu ule hautamaliza mwezi katika joto la Kasese. Tawi la mutuba mwombe jirani, mvua za Agosti zinapoanza.