Kromi inavyoigeuza ngozi kuwa samawati Thika
KATIKA viwanda vya ngozi mjini Thika, ngozi mbichi ya ng'ombe huzungushwa ndani ya pipa kubwa lenye maji na chumvi ya madini ya kromi. Humo, kromi hujifunga kwenye nyuzi za protini iitwayo kolajeni na kuziunganisha, mithili ya mafundo kwenye wavu. Ngozi hutoka ikiwa ya samawati, na haiozi tena.

Fundi huipima kwa maji yanayochemka. Ngozi mbichi husinyaa kwenye nyuzijoto 65 hivi. Iliyoshika kromi barabara hustahimili hata 100.

Balaa ni kromi isiyoshika. Isipochujwa kwenye majitaka, huishia mitoni, na Thika imezungukwa na mito. Aidha, mabaki ya ngozi yakichomwa ovyo, kromi huweza kugeuka kuwa aina nyingine inayosababisha saratani.